Kesho Tunapanda Mti

Sogeeni karibu. Kaeni vizuri, masikio wazi.

Huyu ni Namsifu.

Namsifu anaishi mlimani, huko Upareni. Asubuhi ukungu hulala juu ya mapaa ya nyumba, na jua huchelewa kuamka.

Namsifu ana Mama. Ana kaka mkubwa, jina lake Senzota. Na ana pengo moja mbele, hapa!

Namsifu anaweza mambo mengi. Kuruka kamba, anaweza. Kuimba, anaweza. Kupiga mluzi, anaweza, tena pengo linamsaidia. Fyuuu!

Jambo moja tu hawezi.

Hawezi kwenda juu.

Akisimama juu ya kigoda, magoti yanaanza. Tete-tete-tete!

Akisimama juu ya jiwe, magoti yanaanza. Tete-tete-tete!

"Magoti, acheni!" anasema Namsifu.

Magoti hayasikii.

Sasa, shuleni kwa kina Namsifu kuna mpera. Ni mpera mmoja tu, karibu na lango. Gome lake ni laini, na mapera yake ni matamu.

Siku moja, saa ya kwenda nyumbani, Namsifu alisimama dirishani. Alikuwa anawaangalia watoto wakubwa. Walikuwa juu ya mpera, wananing'inia kama popo.

"Mimi siwezi," alinong'ona. "Juu ni juu mno."

Palepale Mwalimu Eliwaza akapiga makofi. Pa! Pa! Pa!

"Watoto, nisikilizeni. Kesho tunapanda miti!"

Moyo wa Namsifu ukafanya du!

"Kila mtoto na mti wake," akasema Mwalimu. "Njooni na nguo za zamani. Njooni na chupa ya maji. Tumeelewana?"

"Ndiyooo, Mwalimu!"

Namsifu hakusema ndiyo. Alikuwa bado anautazama ule mpera.

Kupanda mti! Yeye! Peke yake!

Njiani alitembea na Mbazi. Mbazi ni rafiki yake. Dawati lao ni moja, na njia yao ni moja.

"Mbazi, wewe huogopi kesho?"

"Niogope nini? Mimi nimeshapanda mti, na Babu yangu. Ni rahisi tu."

"Hukuanguka?"

"Nianguke mimi? Aa, mti ndio ulianguka."

Namsifu akasimama. "Mti ulianguka?"

"Eee. Puu! Ukalala chini. Babu akausimamisha, akaufunga na kijiti."

"Kijiti!" Namsifu alishika kichwa. Mti mzima, umefungwa na kijiti!

Nyumbani, Mama alikuwa mlangoni anachambua maharage. Jirani yao, Mama Nakijwa, alikuwa amekuja na kikapu chake. Kikapuni kulikuwa na nyanya.

"Shikamoo, Mama Nakijwa."

"Marahaba, mwanangu. Umeona mambo haya? Nyanya zimepanda! Juzi zimepanda, leo zimepanda tena. Sijui zitashuka lini."

Namsifu alizitazama nyanya. Zilikuwa zimetulia kikapuni.

"Nyanya nazo zinapanda?"

"Bei, mwanangu," akasema Mama. "Bei ya nyanya ndiyo imepanda."

Namsifu alikaa chini, akafikiri.

Bei haina mikono. Bei haina miguu. Na bado inapanda.

"Hata bei imenishinda!" akasema.

"Kuna nini, mwanangu?" akauliza Mama.

"Kesho tunapanda miti. Kila mtoto na mti wake."

"Vizuri sana! Mimi nilipokuwa mdogo kama wewe nilipanda mingi. Utavaa lile gauni la zamani, maana utachafuka."

"Na kama siwezi?"

"Utaweza. Nenda taratibu tu, usiuvunje."

"Nisiuvunje mti?"

"Eee. Mti ukivunjika, ndiyo basi tena."

Loo! Kumbe kuanguka ni jambo moja. Kuvunja mti ni jambo la pili!

Namsifu akakimbia nyuma ya jiko. Kaka Senzota alikuwa anapanga kuni.

"Kaka, nifundishe kupanda mti."

"Mti upi?"

"Wowote. Lakini uwe mfupi."

Nyuma ya jiko kulikuwa na mforsadi. Ulikuwa mfupi, wenye matawi mengi, na matunda yake huacha midomo rangi ya zambarau.

"Kazi ni ndogo," akasema Kaka. "Sikiliza."

Shika! Kanyaga! Usiangalie chini!
Panda, panda, mpaka kwenye panda!

"Panda ndiyo nini tena?"

"Pale mti unapogawanyika. Tazama." Kaka alisimama wima, akanyoosha mikono juu, mmoja huku na mmoja kule. "Mimi ni mti. Mikono yangu ni matawi. Hapa katikati, penye kichwa, ndipo kwenye panda. Ukifika hapo unakaa, kama kwenye kiti."

"Kwa hiyo napanda mpaka kwenye panda?"

"Eee! Unapanda mpaka kwenye panda."

Namsifu akacheka. Kisha akakumbuka kwamba anaogopa, akaacha kucheka.

Akashika. Akakanyaga. Akaangalia chini.

Tete-tete-tete!

Akaanguka mikononi mwa Kaka.

"Usiangalie chini!"

Akashika tena. Akakanyaga tena. Macho yakajipeleka chini yenyewe.

Tete-tete-tete!

Akaanguka mikononi mwa Kaka.

Akashika tena. Safari hii alimtazama mdudu mmoja mwekundu aliyekuwa anatembea juu ya tawi. Mdudu alikwenda juu, na Namsifu akaenda juu.

Alifika usawa wa magoti ya Kaka. Alifika usawa wa kifua cha Kaka!

"Leo inatosha," akasema Kaka, akamshusha.

"Lakini mpera wa shule ni mrefu kuliko huu."

"Mti ni mwingine," akasema Kaka. "Miguu ni ileile."

Usiku ule Namsifu aliota nyanya. Zilikuwa zote juu ya mpera, zinamcheka.

Asubuhi alivaa gauni la zamani. Akajaza chupa ya maji. "Nitakunywa nikichoka huko juu," akasema moyoni.

Alifika shuleni mapema. Ukungu ulikuwa bado umelala uwanjani. Hakutaka watu wayaone magoti yake.

Alivua viatu. Akaviweka chini ya mpera pamoja na chupa ya maji.

Mpera ulikuwa mrefu. Mrefu! Namsifu alimeza mate. Gu!

Shika! Kanyaga! Usiangalie chini!
Panda, panda, mpaka kwenye panda!

Akashika. Akakanyaga.

Shwiii! Mguu ukateleza. Gome la mpera ni laini, si mnakumbuka?

"Miguu ni ileile," alijiambia.

Akashika tena. Akakanyaga tena. Alitafuta mdudu wa kumtazama, lakini mdudu hakuwepo. Akalitazama pera moja bichi lililokuwa juu kabisa.

Tete, yakasema magoti.

"Subirini," akasema Namsifu.

Tete, yakasema magoti, lakini polepole.

Panda, panda...

Mkono wake ukashika mahali penye uwazi. Tawi moja lilikwenda huku. Tawi jingine lilikwenda kule.

Amefika kwenye panda!

Namsifu alikaa. Aliyasikiliza magoti yake. Yalikuwa kimya.

Ukungu ulikuwa umeshainuka. Aliona barabara nyembamba kama kamba. Aliona moshi wa majiko. Aliona hata kanga ya Mama, imeanikwa kule nyumbani, inapepea.

"Nimepanda!" alisema polepole. Kisha akasema kwa nguvu. "Nimepandaaa!"

Fyuuu! akapiga mluzi.

Ngo! Ngo! Ngo! Kengele ya shule ikalia.

Watoto wa darasa lake, darasa la awali, wakatoka kwa mstari. Walipita mbali, upande wa pili wa uwanja, kule kwenye uzio. Kila mmoja alikuwa amekumbatia kitu kidogo cheusi.

"Mbona wanakwenda kule?" alijiuliza Namsifu. "Mti uko huku."

Kule uziani kulikuwa na mashimo, moja, moja, moja, yamepangwa vizuri. Mwalimu Eliwaza alikuwa na jembe.

"Kila mtoto na shimo lake!" akasema Mwalimu. "Hili la mwisho, hapa karibu na uzio, ni la Namsifu. Na mti wake ni huu. Jamani, Namsifu yuko wapi?"

"Niko huku!" akaita Namsifu. "Huku juu!"

Vichwa vyote vikageuka.

Watoto wakaacha vitu vyao penye mashimo, wakakimbia. Pu-pu-pu-pu! Mbazi tu alikimbia huku ameshika chake.

"Namsifu! Unafanya nini huko juu?"

"Napanda mti! Mimi nimeshamaliza. Na wewe panda wako!"

Mbazi alitazama mikononi mwake. Alikuwa na mfuko mdogo mweusi uliojaa udongo. Katikati ya udongo ulisimama mche, mdogo kama kijiko.

"Huu?" akasema Mbazi. "Nikiukanyaga huu utakufa. Mimi nauweka kwenye shimo."

"Kwenye shimo?"

"Ndiyo kupanda mti, Namsifu! Unachimba, unaweka, unamwagia maji."

Namsifu aliutazama mche. Akayatazama mashimo. Akalitazama jembe.

"Looo," akasema.

Msichana mmoja akaanza kucheka. "Namsifu amepanda mti badala ya kupanda mti!"

Kisha akanyamaza. Alikuwa anafikiria alichokisema.

Lakini wengine walikuwa wameshaanza. Kwa-kwa-kwa! Kwi-kwi-kwi!

Uso wa Namsifu ukawaka moto. Alitaka kushuka. Alitaka kushuka sasa hivi, aende nyumbani, ajifunike shuka.

Akaangalia chini.

Tete-tete-tete!

"Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo. "Siwezi kushuka."

Mwalimu Eliwaza alikuja na mikono yenye udongo. Yeye hakucheka.

"Namsifu, nani alikwambia upande huko?"

"Ni wewe, Mwalimu. Ulisema kesho tunapanda miti. Kila mtoto na mti wake."

Mwalimu alijipangusa udongo mikononi.

"Kweli, nilisema," akasema. "Neno ni lilelile. Mimi niliwaza shimo, na wewe ukawaza tawi."

"Kwa hiyo sikukosea?"

"Hukukosea. Nilisema panda, ukapanda. Nyie mnaocheka, nani kati yenu ameshafika pale?"

Hata Mbazi hakunyoosha mkono.

"Kaa hapohapo, mwanangu. Usitikisike. Nakwenda stoo kuleta ngazi."

Mwalimu akaenda haraka. Watoto wakabaki chini ya mpera, wameinua vichwa, wanamtazama Namsifu.

Namsifu hakutaka kutazamwa. Akaangalia mbali, kule uziani.

Uzio ulikuwa na tundu.

Tunduni palitokea pua. Baada ya pua zikatokea pembe. Baada ya pembe zikatokea ndevu.

"Meee!"

Alikuwa mbuzi! Na nyuma yake mbuzi mwingine. Na mwingine. Na mwingine tena!

Na kule kwenye mashimo ilikuwapo miche, michanga, mitamu, peke yake.

"Mbuzi!" akapiga kelele Namsifu. "Mbuziii! Mbuzi wanakula miti yetu!"

Watoto wakageuka. Wakatimua mbio. Pu-pu-pu-pu!

"Shii! Shii! Tokeni!"

Mbuzi mweupe akakimbia. Mbuzi wa madoadoa akakimbia. Mbuzi mdogo akajificha.

"Yuko nyuma ya ndoo, Mbazi!" akaita Namsifu kutoka juu. "Upande wa kulia! Huo siyo wa kulia! Ule mwingine!"

"Shii!" akasema Mbazi. Mbuzi mdogo akatoka nduki.

Akabaki mbuzi mwenye ndevu. Huyu hakuogopa mtu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye shimo la mwisho, karibu na uzio.

Nyaka-nyaka-nyaka.

Namsifu aliona vizuri kabisa.

"Huo ni wangu!" akasema. "Huo ni mti wangu!"

Ngazi haikuwepo. Mwalimu hakuwepo. Kaka hakuwepo wa kumdaka.

Namsifu akajigeuza. Akaukumbatia mpera kwa tumbo.

Shika. Kanyaga. Angalia chini, kidogo tu.

Shika. Kanyaga. Angalia chini, kidogo tu.

Shwiii! Mguu ukateleza. Namsifu akang'ang'ania. Mguu ukatafuta, ukapapasa, ukapata tawi.

Shika. Kanyaga.

Tu! Nyayo zikagusa nyasi.

Je, magoti yalitetemeka? Namsifu hajui. Hakuwa na nafasi ya kuyauliza.

Alikata uwanja mbio. Gauni la zamani likapepea nyuma yake.

"Wewe mbuzi! Weka chini! Weka chini mti wangu!"

Mbuzi mwenye ndevu alimtazama. Mche ulikuwa unaning'inia mdomoni.

"Weka chini, nasema!"

Mbuzi alitaka kujibu. Na mbuzi akitaka kujibu, lazima afungue mdomo.

"Meee?"

Mche ukaanguka. Pu!

"Shiiiii!" wakapiga kelele watoto wote kwa pamoja. Mbuzi akaona basi, yaishe. Akapita kwenye lile tundu, pembe, ndevu na mkia.

Kwenye mpera, Mwalimu Eliwaza alikuwa ameshafika, na ngazi ndefu begani. Aliangalia juu. Hakuona mtu.

"Jamani! Mtoto wangu yuko wapi?"

"Niko huku, Mwalimu!"

"Umeshukaje?"

Namsifu alifikiri. "Kwa haraka," akasema.

Mwalimu aliiweka ngazi chini, akakaa juu yake. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Safari hii na Namsifu akacheka.

Kisha Namsifu akainama, akauokota mche wake. Kicheko kikaisha.

Majani hayakuwepo. Jani hili limeliwa. Jani lile limeliwa. Juu kabisa lilibaki jani moja, dogo kama ukucha.

Mdomo wa Namsifu ukaanza kucheza. Chozi moja likateremka mpaka kwenye kidevu.

Mbazi alimwangalia. Akauangalia mche wake mwenyewe. Ulikuwa na majani mengi, yote mazima.

"Chukua wangu," akasema. Alisema upesi, kabla hajabadilisha mawazo.

Namsifu aliutazama mche wa Mbazi. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri kweli.

"Hapana," akasema. "Huo ni wako. Huu ni wangu."

Mwalimu Eliwaza akapiga magoti kando yake. "Hebu tuone." Akaufungua ule mfuko mweusi taratibu. "Unaona nini hapa chini?"

"Nyuzi nyeupe."

"Hiyo ni mizizi. Mbuzi hakuigusa. Mizizi ikiwepo, jani jingine litakuja."

"Kweli, Mwalimu?"

"Likija utaniambia wewe mwenyewe."

Basi Namsifu akapanda mti. Hakushika, hakukanyaga, na aliangalia chini muda wote.

Aliuweka mche kwenye shimo. Taratibu, usivunjike. Akarudisha udongo kwa vidole. Akaupapasa.

"Sasa maji," akasema Mwalimu.

Maji! Namsifu alikimbia mpaka kwenye mpera, akarudi na chupa yake.

"Kumbe maji yalikuwa ya mti!" akasema.

Glu-glu-glu-glu. Udongo ukanywa.

Mbazi alileta matawi ya miiba. Wakauzungushia mche, huku na huku. Mwalimu akaziba tundu la uzio kwa ubao.

Nyuma ya ubao mtu akasema, "Meee."

"Hapana!" akajibu Namsifu.

Saa ya kwenda nyumbani, watoto walipita karibu na mpera. Msichana yule aliyecheka mwanzo akasimama.

"Namsifu," akasema. "Hivi unafikaje pale juu?"

Namsifu alitabasamu, pengo likaonekana. "Kesho nitakuonyesha. Njoo na gauni la zamani."

Nyumbani alisimulia yote. Alisimulia mpera. Alisimulia shimo. Alisimulia ndevu za mbuzi. Mama alicheka mpaka maharage yakamwagika.

"Kumbe ndiyo maana jana ulikuwa na huzuni! Mbona hukuniambia unaogopa?"

"Uliniambia ulipanda mingi. Nikaona aibu."

"Nilipanda kwa jembe, mwanangu. Kupanda kwa matawi sikujui kabisa." Mama alijipangusa macho. "Mimi nikisimama juu ya kigoda tu, natetemeka."

"Wewe, Mama?"

"Mimi."

Namsifu akasogea karibu na Mama. Kisha akamshika mkono.

"Usijali," akasema. "Nitakufundisha."

Giza likaingia. Namsifu alioga. Udongo ukatoka kwenye vidole, ukatoka magotini, ukatoka hata sikioni. Akala ugali na maharage. Akapanda kitandani.

Nje mvua ndogo ikaanza. Ti-ti-ti. Ti-ti-ti.

"Mama, mti wangu uko peke yake nje."

"Hauko peke yake. Uko na mti wa Mbazi, na miti ya wenzako wote."

"Una jani moja tu. Hautasikia baridi?"

"Miti haisikii baridi kama sisi. Huu ndio wakati wake wa kunywa."

Ti-ti-ti, ikasema mvua.

Mama akamfunika vizuri, akapunguza taa.

"Mama."

"Mmh?"

"Mti wangu nimeupanda leo."

"Ndiyo. Umeupanda, tena vizuri."

Namsifu alipiga miayo. Aaah. Macho yakafumba, moja, kisha la pili.

"Ukikua mkubwa," akasema, "nitaupanda."

Mama alifikiri kidogo. Kisha akacheka polepole gizani.

"Utaupanda," akasema.

Lakini Namsifu hakusikia. Alikuwa ameshalala, fofofo.